Swichi Nyekundu Nyuma ya Kompyuta

Wairimu,

Umeenda Longisa kumuaga cucu yako, mama mzaa baba, na mvua ya mawe imeanza kupiga mabati kabla sijapata hata kalamu inayoandika. Nimefunga duka mchana huu, nimechomoa kila waya ukutani kama tunavyofanya huku mawingu yakianza kunguruma, na nimekaa kwenye kiti cha wateja. Nitaandika mpaka urudi. Ukisharudi sitakuwa na ujasiri tena, kwa hivyo barua hii nitaishindilia chini ya nguo zako. Utaisoma ukiwa Naivasha, mbali na uso wangu.

Sikuandikii mambo ya sweta, wala ya kuchemsha maji ya kunywa, wala ya wanaume. Wanaume utawajua tu. Na kuhusu sweta, umeishi Silibwet miaka ishirini na moja, kama hujajifunza baridi basi ganda. Ninakuandikia juu ya ile kompyuta.

Hukuiua wewe. Niliiua mimi. Nililijua jambo hilo siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua, na nimekuacha ulibebe miaka mitano.

Nimeyatazama maneno hayo sasa hivi. Hayajajaza hata mistari mitatu. Miaka mitano nilikuwa nikijiambia ni habari ndefu, inahitaji siku ya utulivu, inahitaji umalize shule kwanza. Uongo mtupu. Ningeweza kulisema nikimenya viazi.

Ukitaka kuichana barua hapa, chana. Lakini wewe ni mtoto wa baba yako, huachi kitu katikati, kwa hivyo naendelea.

Unamkumbuka akiwa karani pale kituo cha kununua majani ya chai, amesimama kando ya mizani, anaita kilo. Sauti yake ilifika ng'ambo ya mto. Wale kina mama wa Kipsigis walikuwa wakimwambia, "Karani, punguza sauti, ng'ombe zetu zitaacha kutoa maziwa," naye anaongeza. Watu walisema Mungu alimnyima urefu akamlipa kwa koo. Kisha koo ndilo likaugua. Ule ugonjwa huku kwetu kila boma linaujua: mtu anaanza kukwama na ugali, baadaye uji, baadaye mate yake mwenyewe. Daktari alituambia sauti itatangulia, mwenyewe atafuata.

Ulikuwa kidato cha pili. Ni wewe uliyefikiria kumrekodi. Kila jioni ukitoka shule ulimketisha hapa dukani mbele ya kompyuta, ukamwekea ile maikrofoni ndogo kwenye kola, ukamuuliza maswali ya kijinga ili acheke. "Daddy, mum ulimpata wapi?" Naye anakujibu, "Nilimpata kwa mizani. Alikuwa ameloa, nikamkata kilo mbili za maji." Mlicheka mpaka anakohoa. Mimi nilikuwa nyuma nikifua mashuka yake, na nilikuwa nawachukia nyote wawili. Sikutarajii uelewe. Wewe ulipata saa moja ya mtu anayecheka, mimi nilipata saa zile zingine zote.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata cucu halijui.

Siku moja ulimwacha hapo na maikrofoni ukakimbia kununua mkate. Akatapika. Akatapika juu ya rimu ya karatasi niliyoifungua asubuhi hiyo, na mezani kulikuwa na barua ya mteja niliyokuwa nimemaliza kuichapa. Nilisimama na kitambaa mkononi nikamwambia, "Si ukufe tu, Baba Wairimu. Ukufe tupumzike."

Sauti yake ilikuwa karibu kwisha. Aliinua macho akatazama skrini, nami nikatazama alikotazama. Mstari wa sauti uliokuwa umelala ulikuwa umeruka juu, na sasa ulikuwa ukishuka. Wewe ulikuwa umeiacha ikirekodi. Sikujua pa kubonyeza ili isimame. Mimi, Mama Kompyuta, anayejulikana Silibwet nzima, sikujua pa kubonyeza. Nilitoka nje nikasimama kwa migomba mpaka nikakusikia ukirudi na mkate.

Hakumaliza mwezi.

Tulipomzika, mvua za radi zilikuwa zimeanza. Unakumbuka zilivyokuwa mwaka ule. Radi ilipiga nyumba ya fundi wa viatu ikabeba televisheni na friji. Nikaihofia ile kompyuta, kwa kuwa ndiyo iliyotulisha. Kuchomoa waya tu niliona hakutoshi. Na nyuma ya kile kisanduku cha pawa, chini ya tundu la waya, nilikuwa nimeiona mara nyingi swichi ndogo nyekundu iliyozama ndani, imeandikwa 230. Ukiisukuma kwa ncha ya bisibisi, inaonyesha 115.

Hakuna aliyenieleza maana yake. Nilijieleza mwenyewe: 230 ni moto mwingi, 115 ni moto kidogo. Kama jiko la gesi. Msimu wa radi, mtu apunguze moto, kompyuta inywe umeme polepole mpaka mbingu zitulie. Nilijiona nina akili sana. Namba ya fundi wa Kericho ilikuwa kwa simu yangu, ningempigia aniambie kwamba ile swichi ni ya nchi zenye umeme mdogo, na kwamba ukiweka 115 kisha uchomeke kwenye umeme wetu, mashine inabebeshwa mara mbili ya inachoweza. Sikumpigia. Mtu akishazoea kuitwa Mama Kompyuta, swali moja dogo linamkwama kooni kama mfupa.

Ilikuwa Jumamosi. Nikaisukuma, nikachomoa waya, nikaenda zangu. Jumapili kanisa. Jumatatu ulikuwa nyumbani, likizo ya katikati ya muhula. Ukaja jikoni ukasema, "Mum, naenda kumsikiza daddy kidogo." Nikasema nenda.

Ule mlio niliusikia nikiwa na mwiko mkononi. Nilipofika dukani moshi ulikuwa ukitoka kwa feni, na ile harufu, kama samaki aliyeungua na plastiki. Ulikuwa umeshika masikio. Ukaniambia, "Mum, nimebonyeza tu."

Nilikuzaba kofi kabla hujafunga mdomo. Kisha nikasema lile neno. Sikuwa nimelipanga, lilitoka likiwa limeiva: "Baba yako Mungu alimuua mara moja. Wewe umemuua mara ya pili."

Ulikuwa na miaka kumi na sita.

Ukaenda kukaa kwenye ngazi, mgongo kwangu. Mimi nikachukua bisibisi. Hapa nataka ujue jinsi nilivyofanya kazi, kwa sababu niliifanya vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Kompyuta ikikataa kuwaka, mtu haanzi kwa kulaumu ndani yake. Anaanza ukutani. Nikachomeka taa ya meza kwenye soketi, ikawaka, kwa hivyo umeme upo. Nikabadilisha waya, nikaweka ule wa skrini. Nikabonyeza. Kimya, hakuna feni, hakuna taa, hakuna hata ule mlio mfupi wa kuamka. Nikasema basi ni kisanduku cha pawa, nikazunguka nyuma kukifungua ili niweke kile cha kompyuta ya zamani iliyokuwa chini ya kaunta. Ndipo nikaiona ile swichi nyekundu: 115.

Niliielewa yote mara moja, na sikuhitaji fundi. Niliinua macho nikaona mgongo wako mlangoni, mabega yanatikisika. Ulikuwa hatua nne kutoka kwangu.

Mashine niliianzia ukutani, nikaipa heshima ya kuchunguzwa hatua kwa hatua. Wewe nilikuanzia moyoni, kwa kofi.

Ningekuita. Badala yake nikaweka kile kisanduku cha pawa cha zamani. Feni ikazunguka nusu mara ikasimama. Ubao mkubwa wa ndani ulikuwa umeenda na pawa. Nikachomoa nyaya zote nikaacha ule wa diski peke yake, nikajaribu tena, na nikaiwekea diski kiganja. Ikazunguka. Nilisikia inavyotetemeka ndani, taratibu, kama paka aliyelala. Wairimu, diski ilikuwa nzima. Baba yako na vicheko vyake vyote, na wewe na maswali yako ya kijinga, nyote mlikuwa wazima chini ya mkono wangu.

Na mimi pia nilikuwemo. Hilo ndilo lililonizuia. Nilijua ikifunguliwa kwa kompyuta nyingine, siku moja utafika kwenye ile rekodi ya siku ya mkate. Utanisikia nikimwambia mume wangu afe. Sikujua kama ulishaisikia au bado. Nilikutazama tena kule mlangoni nikafanya hesabu yangu: mtoto aamini ameharibu mashine, au mtoto ajue mama yake ni mtu wa aina gani. Nikachagua. Haikuchukua muda hata wa chai kupoa.

Nikachomoa diski. Nikairudisha ile swichi kwa 230, nikaipangusa kwa kitambaa. Nikatoka nikakupita pale kwa ngazi na kukuambia, "Diski nayo imeungua. Hakuna kitu." Ukauliza, "Yote?" Nikasema, "Si nimekuambia."

Niliifunga kwa karatasi, nikaitia kwa mkebe wa mafuta ya kupikia usio na kifuniko, nikaificha stoo nyuma ya magunia ya mbolea ya chai. Huko hakuna mtu anayeingia ila msimu wa kuweka mbolea, na tangu mwaka huo nimekuwa nikiiweka mwenyewe.

Ningekuwa nimeishia hapo ningekuwa mwongo tu. Lakini mwaka ulipoisha tukafanya maombi ya kumkumbuka, na cucu akapanda kutoka Longisa akiwa na kitambaa chake cheupe. Aliketi pale kwa kochi akasema mbele ya watu wa kanisa, "Mimi nimekuja kumsikia kijana yangu. Nimeambiwa mliweka sauti." Kila mtu akanitazama. Nami nikasema, "Muulize jina lako."

Jina lake ni wewe. Tulikupa jina lake kama desturi inavyotaka, ukawa mama wa baba yako, na cucu alikupenda kama anayejitazama kwa kioo. Ulikuwa umebeba trei ya chai. Uliiweka chini kwanza, polepole, ili isimwagike. Ukasema, "Cucu, niliichoma."

Cucu hakuinywa ile chai. Na tangu siku hiyo hakukuita kwa jina, unajua. Anakuita "wewe msichana". Ninapoandika hapa, uko kwake unamuaga, na najua anakuita hivyo. Niliona yakitokea, nilikuwa na dawa yake stoo, hatua thelathini kutoka kwa kochi, na nikawapitishia wageni mandazi.

Kisha ukaanza ile tabia. Sikuitambua mwanzoni. Jioni giza likiingia unasimama ukutani, mkono juu, unaniuliza, "Mum, niwashe?" Taa ya kawaida ya sebuleni. Unauliza kwa kettle, kwa redio, kwa pasi. Miaka mitano, msichana mzima, hubonyezi kitu katika nyumba hii bila ruhusa. Nami nilikucheka. Wageni wakija nawaambia, "Huyu hata kiberiti ataniuliza," nao wanacheka, nawe unacheka pamoja nasi ukiwa umeshika ukuta.

Mwalimu wako wa kompyuta alikuja hapa ukiwa kidato cha tatu. Hukuwahi kujua. Alisema umeacha somo lake, na kwamba katika darasa lote hakuna aliyekuwa na mkono kama wako, nizungumze nawe. Nikamwambia, "Mwalimu, afadhali. Hapa ameshanichomea moja." Akashukuru kwa chai akaenda. Na wewe ukafaulu, alama ambazo zingekupeleka chuo chochote, ukachagua kwenda kufunga maua kwenye maboksi. Ulipoulizwa kwa nini, ulisema, "Maua hayana swichi." Watu walidhani ni utani. Mimi nilienda chooni nikakaa huko.

Barua yako ya kazi ilipokuja ndipo nikaenda stoo. Nilijiambia nitakupa diski siku ya kuondoka, ikiwa nzima, ikiwa imefunguliwa, na nitapata sifa kidogo ya mama aliyeokoa kitu. Ndiyo, hata hapo bado nilitaka sifa. Nilivuta magunia, nikautoa mkebe. Karatasi ilikuwa imeloa na kukauka na kuloa tena, imeshikana na chuma. Nikaisafisha kwa sketi yangu nikaipeleka Kericho kwa yule fundi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwambia niliambiwa imeuawa na umeme. Akaigeuza geuza.

"Mama, hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Kwa store."

"Store ya nini?"

"Ya mbolea."

Alivua miwani. "Mos mos, mama, yaani wacha nikwambie pole pole. Watu walikudanganya ati ni stima imeua hii. Stima haikuguza hii kitu. Ni mbolea imekula. Si unajua vile inakula mabati? Kama ungeniletea hiyo wiki ya kwanza, ningekufungulia yote. Yote kabisa."

Watu walinidanganya, anasema. Niliitikia kwa kichwa.

Alikaa nayo wiki mbili. Jumatano iliyopita akaniita. Alisema amejaribu kila njia, imekufa, ila amevuta kipande kimoja cha sauti, sekunde kumi na moja, hajui ni ya nini. Akanipa vile vya masikioni. Kabla sijavivaa aligeuza kiti chake akatazama ukuta, nikajua amekwisha kuisikia.

Ni ile ya mkate.

Kati ya jioni zote zile, Wairimu. Kati ya mizani na ng'ombe na kilo mbili za maji, na ule wimbo aliokuimbia akikosea maneno makusudi. Mbolea imekula yote na kuniacha mimi. Nimebaki peke yangu humo ndani, nikiwa na sauti safi kabisa, kila neno linasikika: "Si ukufe tu, Baba Wairimu. Ukufe tupumzike." Kisha inakatika.

Jumapili nitaenda Longisa, nimwambie cucu mbele ya watu walewale wa kanisa, nikiwa nimesimama. Atanifukuza, na ana haki. Lakini mzee yule ana miaka mingi, na huenda ameshakuaga leo kama msichana wa watu. Hilo sina bisibisi ya kulifungua.

Sikuombi unisamehe. Nikikuomba, nitakuwa nimekupa kazi nyingine, na umenifanyia kazi ya kutosha. Usirudi Krismasi kwa sababu ya heshima. Ukirudi kwa hasira, mlango upo. Usipojisikia kurudi, nitawaambia watu ukweli ni kwa nini, na hilo ndilo jambo la pekee ninaloweza kukuahidi, maana sasa nimeanza kuzoea kuusema.

Mvua imepungua. Nakuona kule chini barabarani umejifunika karatasi ya nailoni, unaruka madimbwi, kwa hivyo nifunge.

Kwenye soksi ya kijivu, ile yenye tundu, nimeweka flash. Ile rekodi iko humo. Nilitaka kuitupa kwenye choo, lakini nimeisikiliza mara nyingi nikagundua kitu. Mimi siongei mara moja. Mwanzoni kuna pumzi. Anavuta hewa, koo linapiga mluzi kidogo, anaitoa. Ni yeye. Ni sekunde mbili, ndizo zote zilizobaki za baba yako duniani, na ziko mbele ya sauti yangu.

Utafika Naivasha giza limeingia, kwa chumba ambacho sijawahi kukiona. Washa taa. Azima kompyuta ya mtu, uiwashe wewe mwenyewe kwa kidole chako. Msikilize akipumua, kisha zima kabla sijaanza kuongea. Hakutakuwa na mtu wa kumuuliza.

Mamako